Kambi Isiyo na Kivuli

Siku niliyoagwa kazini, vijana wa idara yetu ya afya walinipa mwavuli na saa ya ukutani, kisha wakaniomba niwaandikie yale niliyoyaona tangu nilipoanza. Nadhani walitarajia habari za ndui, au za lile joka nililolikuta ndani ya tangi la maji. Ndui mtaisoma vitabuni, na joka lenyewe halikuwa kubwa kama mnavyolisimulia. Mimi nitawaandikia habari za kambi moja ya wafanyakazi, upande wa bara wa Msambweni, ambako watu waliugua na kushukiana mpaka mama mmoja mjane akakaribia kuchomewa nyumba. Ni mambo ya miaka ya hamsini, na wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa.

Nilianza kazi Kwale nikiwa kijana mwembamba, chini ya Bwana Rashidi, mtu wa Mombasa, mpole wa maneno na mwenye kushuku kila kitu. Hakunywa chai nyumbani kwa mtu kabla hajauliza maji yametoka kisima gani, ila aliuliza kwa adabu kiasi kwamba mwenyeji alidhani anasifiwa. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi bakuli jeupe lenye mpini mrefu, la kuchotea viluwiluwi vya mbu, na pampu ya dawa ya kubeba mgongoni.

"Kazi yetu ni kushuku," aliniambia. "Shuku maji. Shuku nzi. Shuku mtungi uliofunikwa vizuri kupita kiasi. Nasi tutashukiwa, kwa hivyo piga hodi mapema na usiingie uani mwa watu na viatu vyenye matope."

Kushukiwa kulianza siku ileile. Tulikwenda kijiji kimoja nyuma ya pwani ya Diani, na kila nilipochungulia mtungi, mwenyewe aliufunika. Wengine walidhani tumekuja kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi. Bibi mmoja alilitazama bakuli langu kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, kwani kwenu hakuna chakula?" Mpaka jua linatua jina langu lilikuwa Bwana Viluwiluwi, nami nimelibeba miaka mingi.

Amri ya wakati ule ilikuwa kufyeka. Kila kilichoota karibu na nyumba kilihesabiwa kuwa maskani ya mbu, na wenzetu wengine walifyeka mpaka miti ya matunda, wakaacha nyumba zimesimama uchi kama meno ya mzee. Bwana Rashidi hakuwa hivyo. Alikuwa akiokota kifuu cha nazi kilichojaa maji ya mvua, ananionyesha viluwiluwi vinavyocheza ndani, anasema, "Huyu ndiye adui. Mkorosho ule pale umekukosea nini?" Kisha anakimwaga kifuu, anakifudikiza na kuendelea na safari. Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba ukifika kwa watu, usitazame tu wanapolala. Tazama wanapokaa mchana. Wakati huo nililiona kama neno la mtu anayependa kupumzika.

Sasa nije kwenye kambi. Kulikuwa na shamba la mkonge ambalo sitalitaja jina, kwa kuwa wenyewe walikwisha kuondoka na shamba limebaki kichaka. Wafanyakazi wake walikuwa Wadigo na Waduruma wa jirani, pamoja na Wakamba na wengine kutoka bara. Zamani wote walikaa katika nyumba za udongo na makuti, zilizotapakaa ovyo chini ya mikorosho na mikwaju. Meneja, Mzungu mmoja aliyependa mistari iliyonyooka, alijenga Kambi Mpya: nyumba za bati safu kwa safu, sakafu za saruji, na uwanja uliokwanguliwa kwa trekta mpaka hakikubaki hata kijiti cha kuchokolea meno. Wageni walipelekwa kuitazama, wakaisifu. Hata mimi nilipoiona mara ya kwanza kutoka barabarani nilisema, hapa patakuwa na afya.

Kaskazi ilipoingia na joto lake, niliitwa. Mpaka dawa wa shambani, yule mhudumu wa zahanati, alilalamika kwamba Kambi Mpya inammaliza. Watu walikuja kwake na vichwa vinavyogonga, macho mekundu, harara mwili mzima, na kutopata usingizi. Watoto walikuwa wanyonge na walikataa kula. Wanaume walipigana kwa mambo ya upuuzi. Nami nikaanza kushuku kama nilivyofundishwa. Nilishuku maji, nikayafuata mpaka kisimani. Kisima kilikuwa safi. Nilishuku unga wa posho, nikaukung'uta. Ulikuwa na fukusi, lakini fukusi hawajawahi kumpa mtu harara. Nikatembea na bakuli langu kutafuta viluwiluwi, nikakosa kabisa. Mbu mwenyewe alikuwa ameihama Kambi Mpya.

Nilikuwa nikishuku vitu, kumbe wenyeji walikwisha kumaliza hatua hiyo, sasa wanashukiana wao kwa wao. Kwa nini nyumba ile watoto wanaugua na hii hawaugui? Nani alipita mlangoni asubuhi? Nani aliazima chumvi? Mwisho lawama zote zikamwangukia mtu mmoja, Bi Mwanamkasi.

Huyu alikuwa mjane wa Kidigo aliyekaa ng'ambo ya kijito, katika ile kambi ya zamani ambayo baadhi ya Wadigo na Waduruma walikataa kuihama. Alikuwa akija na ungo wa mchicha, mabenda na ndizi, anauza mlango kwa mlango. Siku moja alimpapasa kichwani mtoto wa Kalondu, binti mdogo aitwaye Mwende, akasema, "Mashaallah, mtoto huyu ana nywele." Siku iliyofuata Mwende akashikwa na degedege. Kalondu alikuwa mke wa Mutiso, nyapara wa kambi, na neno likitoka nyumbani kwa nyapara huwa limekwisha kupigwa muhuri.

Nilimkuta Kalondu mlangoni kwake, mtoto kamlaza mapajani.

"Mama, mtoto anaendeleaje?"

"Muulize yule mwanamke wa ng'ambo," alinijibu. "Yeye ndiye anajua alimwekea nini."

"Ulimwona akimwekea kitu?"

"Wewe uliona wapi mchawi akaonekana? Watoto wa kwao wanacheza, wanacheka. Hapa wetu wanalala kama wagonjwa wa hospitali. Na sisi tunakunywa kisima kimoja. Niambie basi, Bwana Afya, tofauti ni nini?"

Mutiso alitokea nyuma yangu, kijasho kinamtoka, akasema taratibu, "Nimemkataza asikanyage hapa. Akikanyaga tena, vijana watamfuata kwake na viberiti. Mimi sitawazuia." Hakuwa mtu mkali kwa kawaida. Nadhani naye alikuwa hajalala vizuri tangu mwezi uandame.

Niwe mkweli, mimi pia nilimshuku Bi Mwanamkasi, ingawa si kwa uchawi. Nilidhani labda mchicha wake huoshwa kwenye maji machafu ya kijito. Nikavuka kwenda kwake saa ya adhuhuri, jua limesimama utosini.

"Hodi hapa. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi, na mkuno haukusimama. "Umekuja kupima uchawi kwa bakuli lako?"

"Nimekuja kutazama maji."

"Maji yapo kisimani, yaleyale wanayokunywa wao. Tazama. Tazama na chini ya kitanda, usije ukalala na wasiwasi."

Nilitazama. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mchicha umemwagiwa maji ya kisima, vifuu vitupu vyote vimefudikizwa. Sikupata kosa. Basi nikakaa kidogo kwenye mkeka chini ya mkwaju wake, kwa kuwa kichwa kilikuwa kikinigonga tangu asubuhi. Upepo mwembamba ulipita kutoka kijitoni. Wanawake wa jirani walikuwa pale wakisuka makuti, wakicheka habari ya harusi ya mtu, na watoto wachanga wamelala kwenye kanga zilizotandikwa ardhini. Nilipotahamaki, nilikuwa nimelala usingizi na kuamka, shingo imelegea na kichwa chepesi. Bi Mwanamkasi alikuwa akinitazama.

"Umepata ulichokuwa ukitafuta?" aliuliza.

Nilirudi Kambi Mpya wakati uleule, nikamwomba Kalondu ruhusa ya kuketi ndani ya nyumba yake. Alinishuku, lakini akaniruhusu na mlango akauacha wazi. Nilikaa humo kadiri nilivyoweza, na sikuweza sana. Nilipogusa bati, liliniunguza vidole. Mtoto alikuwa amelala sakafuni, kifua kinapanda na kushuka mbiombio. Nje hakukuwa na pa kwenda. Kulikuwa na kivuli kimoja tu cha kweli, cha tangi la maji, chembamba kama kitambaa cha kilemba, na wanawake wawili walikuwa wakigombana juu yake, kila mmoja akidai alitangulia. Waliobaki walijifungia ndani, kila mtu na joto lake na mawazo yake. Mlango haukujua mlango wa pili umepika nini. Pale ndipo nilipolikumbuka neno la Bwana Rashidi la kutazama watu wanapokaa mchana. Hawa hawakuwa na pa kukaa.

Sisemi kwamba mti hutibu malaria. Mkiandika hivyo kwenye taarifa zenu, msinitaje. Ninachosema ni kwamba mtu asiyelala, asiyepumua vizuri, asiyepata mahali pa kuketi na mwenzake akamweleza shida yake, huugua upesi na hupona polepole, na katikati ya hayo humtafuta wa kumlaumu.

Nikaenda kwa meneja. Naye alikuwa na shuku zake. Wakati ule wa hali ya hatari, vita vya msituni vikiendelea huko bara, wenye mashamba waliwaogopa wafanyakazi wao, hata huku pwani ambako hapakuwa na vita.

"Miti ya nini?" aliniuliza.

"Ya kivuli, Bwana."

"Kivuli cha nini?"

"Cha kukaa. Mama na watoto mchana, na wanaume wakitoka kazini."

"Wakae, wafanye nini?"

"Wapumzike, Bwana. Wazungumze."

Hapo niliharibu. Aliiweka kalamu chini. "Wazungumze nini? Nani amekutuma?" Akanihoji kabila langu, marafiki zangu, na kama nimewahi kufanya kazi bandarini, ambako wakati ule kulikuwa na habari za migomo. Nilitoka pale nikiwa mtuhumiwa, na nilipanda baiskeli yangu nikitazama nyuma mara kwa mara.

Bwana Rashidi aliposikia, alivaa kofia yake akaja nami shambani, lakini hakutaja afya hata kidogo. Aliomba kuonyeshwa katani inavyoanikwa kwenye waya. Aliisifu. Kisha akapitisha kidole juu ya nyuzi, akakiinua, kikiwa chekundu kwa vumbi.

"Pole sana, Bwana," alisema. "Katani nzuri kama hii. Ule uwanja wa kambi ndio unaowaletea vumbi hili. Pangekuwa na miti michache ya kuzuia upepo..."

Meneja alikitazama kidole, akautazama uwanja. Ruhusa ilipatikana pale pale, pamoja na vibanda vya makuti katikati ya safu, kwa sharti kwamba pasifanywe mikutano. Njiani nilimwuliza Bwana Rashidi kama ni kweli vumbi huharibu katani kiasi hicho. "Mimi nitajuaje?" alinijibu. "Mimi ni mtu wa mbu."

Tukahitaji miche inayokua haraka: mikilifi, ambayo wengine mnaiita miarobaini, na mikungu, ile miti ya majani mapana. Katika eneo lile lote aliyekuwa na miche ni mtu mmoja tu. Bi Mwanamkasi alikuwa na desturi ya kuiotesha kwenye vifuu vilivyotobolewa chini. Nilipomwomba, alicheka bila furaha.

"Wanataka kunichomea nyumba, nami niwapelekee miti?"

"Si lazima uipeleke wewe, Bibi. Nitaipeleka mimi."

"Watajua. Na mtoto wa kwanza kuugua, watasema dawa niliizika kwenye mzizi." Hata hivyo akanipa. Alinichagulia yenye afya, akanionyesha namna ya kuitoa kwenye kifuu bila kuvunja mizizi.

Yakawa kama alivyosema. Tulipanda miche asubuhi, na mpaka alasiri habari zimeenea ilikotoka. Siku ya pili yake nilimkuta Mutiso anaing'oa mmoja mmoja, mchana kweupe, mbele ya watu, na kuitupa rundo.

"Ningekuficha, Bwana Afya," aliniambia, "lakini sioni haya. Nina mtoto mmoja tu. Sitaki miti ya mwanamke yule iote mlangoni kwangu."

Sikubishana naye. Niliokota miche ambayo mizizi yake haijakauka, nikaifunga kwenye gunia bichi, nikavuka nayo kijito kuirudisha ipone. Jua lilikuwa kali, siku zile za mwisho wa kaskazi ambapo hata mbuzi husimama tu. Bi Mwanamkasi alikuwa akiipokea miche mikononi mwangu tuliposikia mtu anakuja mbio na kulia. Alikuwa Kalondu, peku, kanga imedondoka begani, amembeba Mwende aliyekakamaa, macho yamegeuka juu.

Kwa mpaka dawa kulikuwa mbali, ng'ambo ya shamba zima, juani. Kivuli na maji vilikuwa hapa. Sijui kama aliwaza hivyo au miguu ndiyo ilimleta.

Nilimgeukia Bi Mwanamkasi. "Bibi, mpokee tumlaze."

Alirudi nyuma na kuficha mikono yake chini ya kanga. "Simgusi," alisema. "Mguse wewe, Bwana Afya. Wewe una serikali nyuma yako. Mimi sina mtu." Lakini alitandika mkeka haraka chini ya mkwaju, akaenda kisimani, akarudi na ndoo, akaiweka mbali kidogo na mtoto, kisha akasimama mbali zaidi, ili kila aliyepo aone kwamba ameweka maji tu.

Nilimlaza Mwende ubavu, nikamvua nguo, nikamfuta kwa kitambaa chenye maji, kichwani, kwapani, mapajani. Mwili wake ulikuwa wa moto kama lile bati. Nilimwambia Kalondu ampepee, akapepea. Wanawake waliokuwa wakisuka makuti waliyaweka chini, hakuna aliyesogea. Ilionekana kwangu muda mrefu sana. Kisha vidole vya mtoto vikafunguka, akavuta pumzi, akalia kwa hasira, na sijasikia kilio kizuri kuliko kile.

Kalondu aliketi chini. Alitetemeka mwili mzima na hakuweza kumshika mwanawe. Mimi nilitakiwa nikaichukue baiskeli kumwahisha mtoto hospitalini. Kalondu akainua macho, akamtazama Bi Mwanamkasi.

"Nishikie," alisema.

Bi Mwanamkasi hakusogea. "Una hakika?"

"Sina," Kalondu alisema. "Nishikie tu."

Akamshika. Alimpakata kwa ncha za vidole kwanza, kama anayebeba chombo cha watu, akijua anatazamwa. Mtoto alimsogelea kifuani, akanyamaza.

Hospitalini ilionekana Mwende ana malaria, akapewa dawa, akakaa siku kadhaa, akapona. Mpaka dawa alinicheka: kumbe ni mbu wako yuleyule! Nilikubali. Mbu wa kijitoni hakuhitaji kuzaliwa Kambi Mpya ili amwume mtoto. Lakini daktari mwenyewe aliniambia kwamba homa ile, ndani ya nyumba ya bati saa sita mchana, ilikuwa nusura immalize, na alitaka kujua ni nani aliyempoza. Nilimweleza ilivyokuwa. Akaniuliza mkwaju ulikuwa mkubwa kiasi gani, nikaona hatanii.

Miche ilipandwa tena mvua za masika zilipoanza. Mutiso hakuing'oa, wala hakuimwagilia. Kila alipopita, aliizunguka, na mpaka nahamishwa kwenda Kinango sikuwahi kumwona ameketi chini yake, hata ilipomfika kimo. Vibanda vya makuti ndivyo vilivyosaidia mapema. Wanawake walihamia humo na majiko yao na mazungumzo yao, na ugomvi wa kivuli cha tangi ukaisha wenyewe. Vijana wa viberiti walipata mambo mengine. Hakuna aliyetangaza kwamba Bi Mwanamkasi si mchawi. Lawama za namna hiyo hazifutwi. Huchoka tu, zikakaa pembeni.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku niliyokwenda kuaga. Nilivuka kijito adhuhuri, nikapiga hodi, nikaitikiwa na sauti mbili. Kalondu alikuwa pale, wameketi kwenye mkeka mmoja na Bi Mwanamkasi, wanapukuchua kunde. Hawakuwa wamekaribiana. Kila mmoja alikuwa kwenye ncha yake ya mkeka, jicho lake kwenye mikono ya mwenzake, na katikati yao Mwende amelala fofofo, mdomo wazi, kivuli kikimchezea usoni.